Viganja vya Yamna

Habari za Wiam zilizoea kufika nyumbani kabla ya Wiam mwenyewe. Siku hiyo zililetwa na Hnia, wifi yake Yamna, mwanamke ambaye hajapata kubisha hodi kwenye mlango wowote tangu azaliwe. Yamna alikuwa uani anakanda unga wa mkate, mikono imezama ndani ya karai, akasikia kandambili zinakuja mbio na sauti imezitangulia.

"Wifi! Wifi, njoo usikie mambo ya mwanao!"

"Kafanya nini tena?"

"Nimemwona kwa macho yangu haya. Kang'ang'ania nyuma ya lori la viazi vya sukari, yuko juu ya baiskeli, mkono mmoja kashika mnyororo wa lori, mwingine anapunga. Ananipungia mimi! Nimesimama pale na kuku wangu kwapani, sijui nipige mayowe au nimpungie."

"Lori lilikuwa linapanda au linateremka?"

"Linateremka, wifi. Mteremko wa kiwandani."

Yamna aliendelea kukanda, kwa nguvu zaidi. Mteremko ule kila mtu wa upande wao wa Dukkala anaujua. Wakati wa mavuno malori hushuka pale yamejaa hadi yanamwaga, na madereva wake hawakumbuki kama breki zipo mpaka waone geti la kiwanda cha sukari. Alikanda, akakanda, hata unga ukawa haufai tena kwa mkate.

Mwenye habari zake akaingia. Baiskeli anaiburura, gurudumu la mbele limepinda, kiwiko kimechubuka kinavuja damu, na uso mzima unacheka. Kwenye kikapu cha baiskeli kulikuwa na kiazi kimoja kikubwa cha sukari, kimejaa udongo.

"Mama, nimekuletea zawadi."

Yamna alimtazama, akakitazama kiazi, akamtazama tena. Alitaka kumpiga na alitaka kumkumbatia, na mikono yote miwili ilikuwa imejaa unga.

"Nenda kaoshe hicho kiwiko," alisema. "Halafu usinisemeshe mpaka kesho."

"Mpaka kesho asubuhi au kesho jioni?"

"Wiam!"

Mtoto akaenda zake bombani, anapiga mluzi.

Hnia alijivutia kigoda akaketi. Alikuwa mwanamke mwema, tusimseme vibaya. Shida yake ni kwamba kila kilichopita kichwani mwake kilitokea mdomoni. "Maziwa yangu hayana mambo haya," alisema. "Mwangalie Yasiri. Wamenyonya pamoja, huyu titi hili, huyu titi lile. Yasiri wangu anaogopa jogoo. Ana miaka kumi na mitano na anaogopa jogoo! Basi hii si ya maziwa, wifi. Hii ni damu. Na damu yenyewe, nani anajua ni ya nani?"

Yamna alijifuta unga mikononi. Neno lile alikuwa amekwisha kujiambia mwenyewe mara nyingi, ila kulisikia kwa sauti ya mtu mwingine kulimchoma zaidi.

Wiam hakuzaliwa nyumba ile. Yamna na mumewe Maati walikaa miaka na miaka bila mtoto, wakazunguka kwa madaktari na makaburi ya mawalii hadi wakachoka, mwishowe wakaenda mjini, kwenye kituo cha watoto wasio na wenyewe, wakamchukua kichanga wa kike kwa kafala, mbele ya kadhi, wamlee kama wao. Hnia alikuwa na Yasiri mchanga wakati huo. Kwa hiyo akamnyonyesha na yule wa kaka yake, kama ilivyo desturi, ili Maati awe mjomba wake wa kunyonya na mtoto akikua asilazimike kujifunika mbele ya mtu aliyemlea. Wiam hakufichwa jambo hilo hata siku moja. Alilijua kama alivyojua jina lake, na wala halikumnyima usingizi.

Aliyenyimwa usingizi alikuwa Yamna. Mama mmoja asiyejulikana alitoa damu. Wifi akatoa maziwa. Yeye alitoa nini? Alifua, alipika, alisuka nywele, lakini hayo hata mtumishi huyafanya. Alimpenda mtoto yule kupita kiasi, na bado alikuwa na woga wa mtu aliyeazima kitu cha thamani.

Maati naye alikuwa ameketi ukutani mwa banda la farasi, anapaka mafuta tandiko, fimbo yake imeegemea pembeni. Alikuwa amesikia yote, na mabega yake yalikuwa yanatikisika kwa kicheko.

"Cheka, cheka," Yamna alimwambia. "Hata wewe ulikuwa unacheka hivyo hivyo, hadi farasi akakulalia."

Hapo Maati akainamia tandiko lake, maana ilikuwa kweli. Maati alikuwa mtu wa tburida tangu ujana, wale wapanda farasi wanaoshuka uwanjani kwa mstari mmoja, mbio za kukata pumzi, kisha mwisho wa uwanja husimama juu ya vikuku vya tandiko na kufyatua bunduki za baruti wote kwa pamoja. Uzuri wote uko kwenye mlio. Ukiwa mmoja, watu huenda wazimu kwa vigelegele. Mmoja akitangulia au akichelewa hata kidogo, kikosi kizima kimeaibika. Kila mwaka katika msimu wa walii wao, Sidi Maimuni, ile sikukuu ya watu na farasi, Yamna alikuwa akisimama mwisho kabisa wa uwanja, kwenye kamba, pale farasi wanapokuja kusimama ghafla mbele ya uso wako. Alisimama pale akiwa bibi harusi, alisimama akiwa na Wiam mchanga mkononi, na Wiam alipoanza kutembea alisimama naye katikati ya magoti yake, akamziba masikio kwa viganja kabla ya baruti kulia. Kisha mwaka mmoja farasi akateleza, Maati akawa chini yake, nyonga ikavunjika. Tangu siku hiyo Yamna hakukanyaga tena uwanja ule.

Ijumaa iliyofuata binti mkubwa wa Hnia, Ibtisam, alikuja kula kuskusi. Alikuwa anasoma saikolojia huko Rabat, msichana mpole mwenye miwani, na kila mtu pale mtaani alikuwa akimwuliza maana ya ndoto zake. Yamna alingoja wanaume walale baada ya chakula, akamvuta jikoni kuchambua nanaa za chai.

"Mwanangu, wewe umesoma. Nieleze. Mtu kupenda hatari hivi, hutoka wapi?"

"Wiam?"

"Nani mwingine? Yasiri?"

Ibtisam alicheka, kisha akaona uso wa mkaza mjomba wake, akaacha, akasema kwa heshima. "Lalla Yamna, hilo jambo wamelichunguza sana. Wamechukua mapacha, wa kufanana na wasiofanana, wengine wamelelewa nyumba mbalimbali, wakawalinganisha. Ile kiu ya msisimko, kama nusu hivi huonekana mtu huzaliwa nayo. Halafu ujana ukiingia inazidi, kwa sababu kichwani sehemu ya moto huwaka mapema na sehemu ya breki huchelewa kukomaa. Ukichanganya na marafiki wanaotazama, ndiyo hivyo tena, lori."

"Nusu ya kuzaliwa. Na nusu nyingine?"

"Nyingine ni marafiki, mtaa, mambo yanayompata mtu peke yake."

"Na nyumba? Malezi?"

Ibtisam alichambua jani moja kwa muda mrefu kuliko jani lilivyohitaji. "Nyumba, kwa vipimo vyao... huonekana kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

"Kidogo, Lalla. Lakini hivyo ni vipimo vya maelfu ya watu. Havisemi habari za mtoto mmoja. Ukiniuliza Wiam kapata wapi nini, sijui, na hata profesa wangu hajui."

"Basi mimi simo," Yamna alisema.

"Sikusema hivyo!"

"Najua hukusema, mwanangu. Leta sukari."

Alimpenda Ibtisam kwa kutomdanganya. Hata hivyo chai ya siku hiyo aliinywa bila kuonja kama ina sukari.

Haikupita wiki Ghizlani akaja. Huyu alikuwa kiongozi wa kikosi cha wasichana cha tburida, wenyewe wanamwita mukaddama, mwanamke wa makamo ambaye sauti yake ilitosha kusimamisha farasi wa jirani. Alifika kwa adabu zote, na mche wa sukari mkononi, akaketi kwenye mkeka, akasifia mkate. Yamna akajua pale pale kuna jambo, na akajua Maati ana mkono ndani yake, maana Maati alikuwa ameshughulika mno kutazama dari.

"Lalla Yamna, nimekuja kuomba," Ghizlani alisema. "Mume wako ameniletea Wiam mara kadhaa."

"Amekuletea!" Yamna alimgeukia mumewe. "Mara kadhaa!"

"Tulikuwa tunapita," Maati alisema.

"Na nyonga hiyo? Mnapita kwenda wapi?"

"Usimkasirikie," Ghizlani aliingilia. "Mtoto anakaa juu ya farasi wenu, Marjani, utadhani amezaliwa pale. Nina nafasi moja kwenye mstari. Lakini kwangu hapandi mtu bila radhi ya mama. Baba anaweza kunidanganya, mama hawezi."

"Unataka nikuruhusu umuue?"

Ghizlani hakukasirika. "Lalla, niambie ukweli. Ile kiu aliyonayo, utaifungia chumba gani? Malori yapo. Mapaa yapo. Wale vijana wa pikipiki wanaoshindana barabara kuu wameshamwita, hilo unajua?" Yamna hakuwa anajua. "Mimi siwezi kumpunguzia kiu. Ninachoweza ni kumpa mstari. Kulia kwake mtu, kushoto kwake mtu, na wote wanamtegemea. Kwenye lori anamtegemea nani?"

Wiam alikuwa amesimama mlangoni, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake alikuwa ametulia tuli. Hakubembeleza. Alimtazama Yamna tu kwa macho yale makubwa ambayo hayakufanana na ya mtu yeyote wa ukoo.

Yamna alijiuliza radhi ya mtu ambaye hakuzaa wala hakunyonyesha ina uzito gani mbele ya Mungu. Aliona haya kuuliza.

"Apande," alisema mwishowe. "Lakini mimi uwanjani siendi. Msinitarajie."

"Hiyo ni radhi ya nusu, Lalla," Ghizlani alisema taratibu.

"Ndiyo niliyonayo."

Basi mazoezi yakaanza. Kila alasiri Wiam alimpanda Marjani, farasi wa kijivu wa baba yake, akaenda, na Yamna akabaki uani na kazi zake. Uwanja haukuwa mbali. Alisikia kwato, alisikia sauti ya Ghizlani ikipanda, na hapo kijiko au kisu kilisimama mkononi mwake. Kisha ukaja mlio. Pa! Mmoja, peke yake. Na nyuma yake, kwa pamoja, ile ngurumo ya wengine.

Hakuhitaji kuambiwa ule mmoja ni wa nani.

Kesho yake tena: pa! kisha ngurumo. Na kesho yake. Wiam alirudi nyumbani kila siku kimya zaidi, baruti usoni, akamfungua farasi, akala bila kuchokoza mtu. Yamna alikuwa ameomba miaka yote mtoto huyu apate utulivu. Sasa alipoupata, alitamani kurudishiwa mluzi wake.

"Unatangulia," alimwambia jioni moja, wakimenya njegere.

"Najua natangulia, Mama. Hata punda wa jirani anajua natangulia."

"Kwa nini humngojei Ghizlani?"

Wiam aliziacha njegere. "Namngoja! Naapa namngoja. Lakini tukikaribia kamba sisikii kitu. Nasikia damu tu masikioni, na kile kitu kinakuja, kinakuja, kitamu, halafu mwili unanitangulia. Nikija kushtuka, nimeshafyatua." Alijifuta pua kwa mkono wenye vumbi. "Wenzangu wameshanipa jina. Wananiita Muezini, kwa sababu ndiye wa kwanza kuita."

Yamna alitaka kucheka, akajizuia. "Na Ghizlani anasemaje?"

"Anasema ananipa msimu. Nikiharibu mbele za watu, atanitoa. Ana haki. Wasichana zaidi ya kumi wameaibika kwa sababu yangu."

"Na akikutoa?"

Mtoto aliinua bega moja. "Basi tena. Barabara ipo. Vijana wa pikipiki hawajali nani ametangulia."

Alilisema bila kutishia, na hilo ndilo lililomtisha Yamna. Alimwona pale pale, usiku, barabara kuu, taa za malori. Bakuli likamponyoka, njegere zikamwagika.

"Njoo msimu, Mama," Wiam alisema, ameinama anaziokota. "Njoo usimame kwenye kamba kama zamani."

"Siwezi kukuona ukianguka."

"Sijaomba uje unione nikianguka."

"Wiam, usinikalie kooni. Nimesema siwezi."

Mtoto akaokota njegere zote, hata zilizoingia chini ya jiko, akazirudisha kwenye bakuli.

Asubuhi ya msimu wa Sidi Maimuni nyumba ilinuka ubani na ngozi iliyopakwa mafuta. Wiam alitoka chumbani amevaa kaftani nyeupe, kilemba kichwani, mkoba mdogo wa kitabu cha sala begani, na Yamna akashtuka, maana alitoka mwanamke. Desturi ni kwamba mpanda farasi hutawadha, kisha huenda kuomba radhi kwa mama yake na kubusu mkono wake kabla ya kutia mguu kwenye kikuku. Wiam akapiga goti. Lakini hakubusu mgongo wa mkono kama watu wafanyavyo. Aliigeuza mikono yote miwili ya Yamna na kubusu viganja, kimoja, kisha cha pili.

"Kubusu gani huko?" Yamna alisema. "Hata kubusu hujui."

"Ndivyo ninavyotaka mimi," Wiam alisema, akaondoka.

Maati akafuata na fimbo yake. Hnia akapita na Yasiri, ambaye alikuwa ameziba masikio tayari, ingawa hakuna aliyekuwa amefyatua chochote. Mtaa mzima ukatoka. Yamna akabaki na paka.

Alijikaza. Aliweka karai mbele yake, akamimina unga, akaanza kukanda mkate ambao hakuna mtu wa kuula. Kutoka uwanjani zilikuja ngoma na zumari za ghaita, zikaja sauti za kipaza sauti zikitaja vikosi, milio ikafuatana, mingine mizuri, mingine ovyo. Yeye anakanda. Kisha akasikia sauti aliyoijua, Ghizlani, inapanda juu ya vichwa vya watu wote. Mikono ikaganda kwenye unga.

Pa!

Kisha wengine.

Na baada ya hapo kitu alichokuwa hajawahi kukisikia toka uani kwake, watu wanazomea. Hakuwa mtu mmoja. Ulikuwa uwanja mzima, na katikati ya uwanja huo alikuwa mtoto wake, juu ya farasi, hana pa kujificha.

Yamna hakukumbuka baadaye alivyoinuka. Alikumbuka paka akiruka, na mlango aliouacha wazi. Alikuwa barabarani na kandambili za ndani, shungi limeanguka mabegani, mikono myeupe kwa unga hadi vifundoni, mwanamke mzima anakimbia mchana kweupe. Wazee waliokuwa wanakunywa chai nje ya mahema walimtazama. Wamtazame. Alikuwa amesikia kipaza sauti kikisema kila kikosi kina raundi ya pili, na kikosi cha wasichana kinarudi mwanzo wa uwanja.

Alipenya kwa viwiko. Alikanyaga miguu ya watu akaomba radhi, akakanyaga mingine asiombe. Hnia alimwona, akapiga ukelele, "Wifi! Unga huo!" lakini yeye alikwisha pita. Akafika kwenye kamba, mwisho wa uwanja, pahala pake pa zamani, na kamba ilikuwa bado inanuka manila na vumbi vile vile.

Kule mbali mstari ulikuwa umejipanga. Farasi mmoja wa kijivu, wa tatu kutoka kushoto. Yamna hakuweza kuuona uso, lakini aliyaona mabega, na mabega yale yalikuwa yamekata tamaa.

Ghizlani akaita. Farasi wakaanza kwa hatua, wakaingia mbio, na ardhi ikaanza kutetemeka chini ya kandambili. Ndipo uso wa Wiam ukaonekana, mdogo, unakua. Macho yalikuwa yanarukaruka kwenye kamba kana kwamba yametafuta kitu na kukikosa. Kisha yakamwona. Yamna aliona wazi yalipomwona, kwa sababu yalitulia.

Mstari ukaja. Watu walioko kwenye kamba wakaanza kurudi nyuma, kama watu wafanyavyo siku zote, maana hata ujue farasi watasimama, mwili hauamini. Hnia, aliyekuwa amemfuata, akarudi nyuma. Mwanamume mmoja mwenye masharubu akarudi nyuma na kumkanyaga Hnia. Yamna hakurudi. Hakuwahi kurudi, tangu akiwa bibi harusi, na wala hakuwahi kujiuliza kwa nini. Na ndani ya woga wote ule, Mungu amsamehe, kulikuwa na utamu.

Bunduki zikainuka. Wiam alikuwa amesimama juu ya vikuku, kidole kwenye kifyatulio, na Yamna aliona kile kitu kinakuja, mwili wa mtoto unataka kutangulia. Hakufikiri. Mikono yake iliinuka yenyewe, kama ilivyoinuka zamani, ikaenda mbele ya tumbo lake mahali ambapo kichwa cha mtoto mdogo kilikuwa kikisimama, na viganja vyeupe vikaziba masikio ya mtu ambaye hayupo.

Mlio ukapasuka.

Ulikuwa mmoja. Yamna aliungoja ule mwingine, wa mbele au wa nyuma, na haukuja. Moshi ukafunika kila kitu, na ndani ya moshi vigelegele vikaanza upande wa wanawake, vikapanda hadi kipaza sauti kikashindwa. Hnia alikuwa anampigapiga mgongoni huku analia, "Maziwa yangu! Maziwa yangu hayo!" na Yasiri, mikono ingali masikioni, alikuwa anaruka juu kwa furaha.

Marjani akatoka kwenye moshi, anatembea polepole, anapuliza pua. Wiam alimleta hadi kwenye kamba. Uso ulikuwa mweusi kwa baruti, na machozi yalikuwa yamechimba njia mbili.

"Umechelewa, Mama," alisema. "Raundi ya kwanza nimewaharibia."

"Nimesikia. Nimesikia niko kwenye karai." Yamna alishika hatamu ili ashike kitu. "Na hii? Umengojaje?"

"Sikumsikia Ghizlani. Simsikii kamwe." Wiam alivuta pumzi. "Nimeangalia mikono yako."

"Mikono gani?"

"Si ulikuwa unaniziba masikio, halafu ndipo baruti inalia."

Yamna alitazama viganja vyake kana kwamba ni vya mtu mwingine. "Ulikuwa mtoto mdogo hata hujui kusema. Huwezi kukumbuka hayo."

"Ndiyo kitu cha kwanza ninachokikumbuka. Sina kingine kabla ya hapo. Kunakuwa na giza na joto huku na huku, nasikia bahari, halafu ardhi inatikisika na inakuja ngurumo, na sifi." Alijifuta, akajipaka baruti zaidi. "Ndicho ninachokitafuta kila mahali, Mama. Kwenye paa, kwenye lori. Ngurumo naipata. Kwenye lori hakuna viganja."

Yamna aliiachia hatamu. Alimkumbuka Ibtisam na mapacha wake, na ile nusu na ile nyingine, akaona hana tena haja ya kuuliza yeye yuko wapi humo. Alilia, alilia mbele za watu wote, wala hakujifunika.

"Usilie, watadhani nimeanguka," Wiam alisema, mwenyewe analia.

Aliinama kutoka juu ya tandiko, akashusha kichwa chenye kilemba hadi usawa wa kifua cha mama yake. Hapakuwa na bunduki iliyokuwa inaelekea kulia. Yamna akamziba masikio yote mawili kwa viganja vyake vya unga, akamshika hivyo, na kilemba cheusi kwa moshi kikabaki na alama nyeupe huku na huku.

Sauti ya Ghizlani ikaita kutoka kule mwanzo wa uwanja. Kikosi kilikuwa kinapanga mstari kwa raundi ya mwisho. Wiam aliinua kichwa, na Yamna akaiona kiu inarudi usoni mwake, ile ile ya lori. Ilimwogopesha kama kawaida.

"Nenda," alimwambia. "Una radhi yangu. Nzima."

Akasimama vizuri kwenye kamba na kuinua mikono, mapema, ili mtoto aione tangu mbali.